Tampere Ni Wapi?

Mwanafunzi wa elimu hawezi kumaliza miaka mitatu hapa chuoni bila kukutana na Finland. Huingia darasani kwa njia ya slaidi, mara nyingi saa nane mchana, usingizi ukiwa umeshika kasi: mwalimu wa kule lazima awe na shahada ya uzamili, mtoto anaanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba, mitihani ya taifa ni ya kuhesabu, na matokeo ya PISA yalipotoka mwaka 2001 dunia ikashangaa. Slaidi inayofuata ni ya Tanzania. Hapo darasa linacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetazama nyumba ya jirani yenye umeme.

Sina ugomvi na slaidi. Ugomvi wangu ni kwamba zinaileta Finland kama kitu kilichodondoka kutoka mawinguni mwaka 2001, sisi tukiwa chini tunatazama juu. Haziongezi hata mstari mmoja wa kusema kwamba nchi hiyo na yetu zimeshirikiana tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Kwamba mwanadiplomasia wao mashuhuri kuliko wote aliivia Dar es Salaam. Kwamba Mwanza, hapa hapa tunapogombania daladala za Nyegezi, ni mji dada wa Tampere tangu mwaka 1988. Niliwauliza wenzangu saba kwenye foleni ya wali maharage: Tampere ni wapi? Watano walinyamaza. Mmoja alisema ni aina ya simu. Wa saba, bila aibu yoyote, alisema ni timu iliyowahi kutolewa na Simba.

Tatizo ni kwamba kwa nchi kama Finland tumefundishwa neno moja tu, "wafadhili". Neno hilo lina ubaya wake. Mfadhili hana historia na wewe, ana bajeti. Bajeti ikikatwa, na yeye ameondoka, na hakuna anayeuliza kilichokuwepo kati yenu zaidi ya ile bajeti. Na bajeti zinakatwa kweli. Agosti 2021 Denmark ilitangaza kwamba ingefunga ubalozi wake Dar es Salaam mwaka 2024, baada ya karibu miaka sitini ya ushirikiano. Baadaye ilibadili mawazo na ubalozi upo, lakini ujumbe ulishafika. Serikali ya Finland iliyoingia madarakani mwaka 2023 nayo imepunguza sana fungu la misaada ya nje. Kwa hiyo swali la uhusiano wetu na nchi hizi ni la sasa, na ni letu sisi tutakaoingia kazini fedha zikiwa hazipo.

Tuanze na ukubwa, maana watu wengi wanadhani Finland ni dubwana. Ina watu takriban milioni 5.6. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,699,872 mkoa wa Mwanza na 2,372,015 mkoa wa Mara. Yaani mikoa yetu miwili tu inaizidi nchi nzima. Na nchi yenyewe imetawaliwa muda mrefu kuliko sisi: karne kadhaa chini ya Sweden, halafu kuanzia 1809 chini ya mfalme wa Urusi, mpaka ilipojitangazia uhuru tarehe 6 Desemba 1917. Katika kipindi kirefu cha historia hiyo msomi wa Finland alisoma na kuandika Kisweden. Kifini kilikuwa lugha ya wakulima na watumishi. Amri ya kukipa Kifini hadhi katika ofisi za serikali ilitoka mwaka 1863, tena nayo iliweka muda wa miaka ishirini wa kujiandaa. Wewe uliyewahi kuvishwa kibao shingoni sekondari kwa kosa la kuongea Kiswahili, soma sentensi hiyo mara mbili. Hii sehemu ya Finland haimo kwenye slaidi.

Sisi tulipopata uhuru mwaka 1961, dunia ilikuwa imegawanyika pande mbili na kila upande ulikuwa unaita watu. Finland ilikuwa na mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi ya Kisovieti. Ilibidi itembee kwa tahadhari kila siku. Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilichagua kutofungamana na upande wowote. Nchi mbili za namna hiyo zinakutana kirahisi. Mkubwa akikupa mkono, unajiuliza anataka kituo cha jeshi au kura yako Umoja wa Mataifa. Mdogo mwenzako hana uwezo wa kukumeza hata akitamani.

Matunda ya kwanza ya mkutano huo yako Kibaha. Finland, Sweden, Norway na Denmark ziliungana na serikali yetu kuanzisha kituo pale, kikafunguliwa mwaka 1963: sekondari, kituo cha afya Tumbi, mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 walikikabidhi, ndiyo Shirika la Elimu Kibaha la leo. Wapo wenzetu hapa chuoni waliosoma Kibaha na wanatusumbua nayo kila siku. Sidhani kama wanajua shule yao ilianza kama jambo la kidiplomasia.

Sasa nije kwa mtu ninayetaka sana mjue habari zake, hasa walimu watarajiwa. Martti Ahtisaari alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa Viipuri. Vita vikaja, mji wake ukachukuliwa na Urusi ya Kisovieti, familia yake ikawa miongoni mwa mamia ya maelfu ya Wafini waliopoteza makwao. Akakua, akasomea ualimu wa shule ya msingi. Ndiyo, ualimu, kozi ambayo ukiitaja kwa wajomba wanakuuliza kama ulikosa nafasi nyingine. Mwaka 1960 alikwenda Karachi, Pakistan, kufanya kazi kwenye mafunzo ya walimu wa michezo. Aliporudi kwao akaingia wizara ya mambo ya nje, na mwaka 1973, akiwa na miaka 36, akaletwa Dar es Salaam kuwa balozi. Alikaa mpaka 1977.

Fikiria Dar es Salaam ya miaka hiyo. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake pale tangu 1963, na katibu mtendaji wake tangu 1972 alikuwa Hashim Mbita. FRELIMO, ANC, SWAPO, wote walikuwa na watu wao mjini. Balozi wa nchi kubwa angekaa na kuandika ripoti kuhusu nani mkomunisti. Huyu wa nchi ndogo, aliyekuwa mkimbizi utotoni, alikaa na watu wa SWAPO akawaelewa. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ulimteua kuwa Kamishna wa Namibia. Miaka kumi na zaidi baadaye ndiye aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichosimamia uchaguzi wa Namibia, mpaka nchi hiyo ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990. Wanamibia wakampa uraia wa heshima. Kwao akawa Rais, 1994 hadi 2000, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki Oktoba 2023. Hapa chuoni ilipita kimya.

Kwa hiyo mtu akiniambia Finland iliisaidia Tanzania, nakubali, kisha nauliza: na Tanzania iliipa nini Finland? Kwa maoni yangu iliipa shule. Ujuzi uliomfanya Ahtisaari aaminike mbele ya makaburu na wapigania uhuru kwa wakati mmoja hakuupata Helsinki, ambako theluji inaanguka na hakuna aliyewahi kukutana na mpigania uhuru. Aliupata katika mji wetu, kwa sababu nchi maskini iliamua kuwapa wapigania uhuru vyumba, kambi na paspoti, na ikalipia uamuzi huo. Hii si zawadi ndogo. Ila haina risiti, ndiyo maana haionekani kwenye jedwali la wafadhili.

Kuna jambo jingine la miaka ile ile linalonisumbua kama mwanafunzi wa elimu. Finland ilianza kubadili shule zake mwaka 1972, ikianzia kaskazini na kumalizia kusini mwaka 1977: watoto wote, wa tajiri na wa maskini, shule moja kwa miaka tisa. Novemba 1974, mwendo wa saa chache kutoka hapa ukifuata ziwa, TANU ilipitisha Azimio la Musoma, na moja ya maazimio yake ni kila mtoto wa rika la shule aingie darasani ifikapo 1977. Mwaka ule ule. (Azimio hilo hilo liliamuru anayemaliza kidato cha sita akafanye kazi kwanza kabla ya chuo kikuu, kwa hiyo nusu yetu tusingekuwa hapa tunasoma gazeti hili.) Nchi mbili ziliamua jambo moja katika miaka ile ile, balozi aliyekuwa kati yao akiwa mwalimu wa shule ya msingi, Rais wetu naye akiwa mwalimu. Wao waliinua masharti ya ualimu, na mwaka 1979 wakayafikisha kwenye shahada ya uzamili. Sisi tulihitaji maelfu ya walimu haraka tukawapata kwa njia ya mkato, wale ambao wazazi wetu wanawaita walimu wa UPE. Tofauti ya matokeo ilianzia hapo, na tofauti ya mifuko pia. Slaidi ikisimulia hivyo, nitaisikiliza bila kusinzia, kwa sababu itakuwa inanionesha wenzetu walioanza safari siku moja na sisi, na panda ya njia tulipoachana.

Turudi Mwanza na mji wake dada. Tampere imekaa kati ya maziwa mawili, na maji yanayoshuka kutoka ziwa moja kwenda jingine ndiyo yaliyoendesha mitambo yake. Mwaka 1820 Mskoti aitwaye James Finlayson alianzisha pale kiwanda ambacho baadaye kilikuwa cha pamba, kikubwa kabisa, na mji ukakua kukizunguka. Pamba haioti Finland. Sisi tuna ziwa, tuna pamba ya Usukuma kote, tulikuwa na ushirika wa Nyanza uliotikisa nchi, na tulikuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex, ambacho vijana wa rika langu tunakijua zaidi kwa masimulizi ya wazazi. Majengo ya Finlayson nayo yaliacha kusokota, ila leo ni katikati ya mji: makumbusho, ofisi, migahawa, sinema. Kuna semina nzima ya maendeleo ya miji hapo, na mtu wa kuifanya nayo yupo, kwa sababu halmashauri zetu mbili zimeshirikiana kwa miaka mingi kwenye mazingira na uendeshaji wa serikali za mitaa. Lakini tembea kuanzia Capri Point mpaka Kirumba utafute kitu kinachokukumbusha Tampere. Utakachokiona ni jiwe letu maarufu likiwa limesimama majini, na jina lake ni Bismarck. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kidato cha tatu walinitajia Bismarck, Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na karibu nchi zote zilizoketi mezani. Walikuwa wamekariri vizuri mno. Mkubwa aliyegawa Afrika bila kukanyaga ziwa hili ana jiwe na ana sura nzima kwenye kitabu. Rafiki wa ukubwa wetu hana hata aya.

Isidhaniwe naupamba urafiki huu. Haukuwa sawa kwa sawa, na wahenga walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtwara na Lindi, Wafini walifanya kazi ya maji kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1970, na kulikuwa na mitambo iliyosimama dizeli na vipuri vilipokosekana, kwa sababu iliyopangwa mbali haikumuuliza sana mama anayebeba ndoo. Finland ina ubalozi Dar es Salaam. Sisi Helsinki tunaihudumia kutoka ubalozi wetu wa Stockholm, nchi nyingine kabisa. Na kuanzia mwaka 2017 vyuo vya Finland vinatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya. Kabla ya hapo ilikuwa bure. Ukitazama bumu letu na bei ya chumba Malimbe, unajua ada hiyo ni ya kuota tu.

Hilo la ada lina kisa cha jirani ambacho kila mzazi wa Kanda ya Ziwa anapaswa kusimuliwa. Kaunti ya Uasin Gishu nchini Kenya, kule Eldoret, iliingia mikataba na vyuo vya Finland, kimojawapo kikiwa Tampere, ili vijana wakasome. Wazazi walilipa mamilioni kupitia akaunti ya kaunti. Kuna waliouza mashamba. Mwaka 2023 ikabainika kwamba ada za watu wengi hazikufika. Waliokuwa kule wakajikuta na barua za kudaiwa na hofu ya kurudishwa. Waliokuwa nyumbani na barua za udahili hawakuondoka. Wazazi wakaingia barabarani Eldoret. Waliokuwa viongozi wa kaunti wakafikishwa mahakamani. Watu wengi waliosoma habari ile walisema "Finland ni kimeo". Mimi nasema kimeo kilikuwa kwenye jinsi jambo lilivyoendeshwa. Uhusiano wa watu wa mbali uligeuzwa dirisha la malipo, ukaachwa mikononi mwa wachache, na wanafunzi wenyewe hawakuwa na mahali pa kuuliza fedha iko wapi mpaka imeshapotea. Mlango kama ule ukifunguliwa Mwanza kesho, na mawakala wa vyuo vya nje wameshaanza kubandika matangazo kwenye nguzo zetu, je, tuna mtu wa kuuliza?

Ndiyo sababu siridhiki na wenzangu wanaosema fedha za wafadhili zikiisha basi na tuachane nao, tuangalie China na Ghuba. Nchi kubwa tutakuwa nazo tu, hata tukilala; zinakuja zenyewe. Nchi ndogo ya mbali haiji yenyewe. Isipotafutwa inapotea, na ikipotea unabaki na wakubwa peke yao mezani. Kikwete alipokuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kuanzia 2002 hadi 2005, Tanzania na Finland ziliongoza kwa pamoja mazungumzo ya kimataifa yaliyoitwa Mchakato wa Helsinki, kuhusu utandawazi na demokrasia. Wenyeviti wenza: yeye na waziri wa Finland, Erkki Tuomioja. Nchi yetu ilikaa kwenye kiti cha mbele bila kuomba msaada wa mtu. Sijawahi kuona swali la mtihani juu ya hilo.

Ninachokitaka hakihitaji wizara. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na tutakaolifundisha ni sisi tuliokaa kwenye foleni ile ya wali. Kipindi kimoja juu ya Kibaha, Kamati ya Ukombozi na balozi mwalimu kinatosha kumpa mtoto wa Magu au Ukerewe picha ya nchi yake ikitoa, badala ya kupokea kila siku. Tukiandaa andalio la somo hilo wenyewe, hapa, kabla ya mazoezi ya kufundisha ya mwaka huu, hakuna atakayetuzuia kulitumia.

La pili linahusu serikali yetu ya wanafunzi, ambayo ina mawaziri wengi kuliko viti vya ofisi yake. Waziri anayeshughulikia uhusiano wa nje, ambaye kazi yake mpaka sasa tumeiona kwenye mabonanza na vyuo jirani, aende Halmashauri ya Jiji aombe wanafunzi waruhusiwe kusoma majalada ya ushirikiano na Tampere tangu 1988: nani alikwenda, nini kilipandwa, nini kilikufa na kwa nini. Ziko tasnifu kumi humo, kwa watu wa elimu, sosholojia, hata uhasibu. Halafu tuandike kwa wanafunzi wenzetu wa Tampere, mwanafunzi kwa mwanafunzi, tukianza na maswali mawili: wao wanafundishwa nini kuhusu Mwanza, na wale Wakenya waliokwama wamesaidiwaje.

Rasimu ya barua ya kwenda Halmashauri nimeshaandika, kurasa mbili, kwa Kiswahili. Imebaki muhuri. Ofisi ya Rais wa wanafunzi hufunguliwa saa kumi jioni, na nimeambiwa mwenye ufunguo yuko kwenye mazoezi ya mpira.